Nyuki Waliodhaniwa Kuzaliwa na Ng'ombe

Kabla ya kueleza imani ya watu wa kale kuhusu nyuki, yafaa tuliweke sawa swali lenyewe. Kiumbe hai hutoka wapi? Kwa mnyama mkubwa jibu halina taabu. Mbuzi huzaliwa na mbuzi, na mfugaji ameyaona yote kwa macho yake: amemwona beberu akimpanda jike, ameiona mimba ikikua, amempokea mwanambuzi zizini. Kwa kuku, kati ya jogoo na kifaranga kuna yai ambalo mtu anaweza kulishika mkononi. Katika makala hii, neno uzazi litakuwa na maana hiyo: kiumbe kupata uhai kutoka kwa wazazi wa aina yake, iwe kwa kuzaliwa au kwa kuanguliwa.

Kwa viumbe wadogo mambo hayako wazi hivyo. Nyama ikiachwa siku mbili tatu hutokea funza. Maji yakituama hutokea mbu. Bwawa lililokauka kwa miezi hujaa vyura mvua inaponyesha. Mtazamaji anaona mwanzo, yaani nyama, maji au tope, na anaona mwisho, yaani mdudu anayetambaa au kuruka. Katikati haoni kitu. Yai la nzi lina urefu wa milimita moja hivi. Asiyejua kwamba kuna yai la kutafuta hulipita bila kulitambua.

Wagiriki na Warumi wa kale, pamoja na majirani zao wa Misri, waliliziba pengo hilo kwa hoja. Walisema wapo viumbe wasio na wazazi, ambao hutokea katika vitu vinavyooza au katika tope, joto na unyevu vikikutana kwa kiasi kinachofaa. Njia hii ya pili tutaiita uzukaji: kiumbe kupata uhai kutoka katika kitu kisicho hai, au kilichokwisha kufa, bila mzazi wa aina yake. Hata Aristotle (384–322 KK), ambaye alipasua na kuchunguza wanyama wengi kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake tunayemfahamu, aliukubali uzukaji kwa baadhi ya wadudu, kwa chaza, na kwa mikunga, kwa kuwa hakupata kuona mkunga mwenye mayai wala mwenye mbegu za kiume. Tusimcheke. Alikataa kusema ameona kitu ambacho hakukiona, na kwa ushahidi aliokuwa nao, mkunga hakuwa na mzazi.

Miongoni mwa habari zote za uzukaji, iliyopata umaarufu mkubwa ni ile iliyoitwa bugonia, yaani nyuki kutokana na ng'ombe aliyekufa. Varro, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya kilimo, aliitaja. Ovid aliitaja. Mshairi Mgiriki Nicander aliongeza kwamba ng'ombe hutoa nyuki na farasi hutoa nyigu. Lakini aliyeieneza zaidi ni Virgil, mshairi wa Kirumi, katika utenzi wake mrefu kuhusu kilimo uliokamilika mnamo mwaka 29 KK. Kitabu cha nne cha utenzi huo kinahusu ufugaji wa nyuki. Baada ya kueleza magonjwa yanayoweza kuliangamiza kundi zima, Virgil anageukia tiba ya mwisho kwa mfugaji aliyebaki na mizinga mitupu, na anasema ndivyo wafanyavyo Misri. Hapa pana jambo la kushika: kwa Virgil na waliomfuata, bugonia haikuwa ngano tu. Iliandikwa kama utaratibu wa kazi, wenye vipimo na majira yake.

Maelezo kamili zaidi tuliyonayo yamo katika Geoponica, mkusanyo wa maandiko ya kilimo uliotungwa Constantinople katika karne ya 10. Mfugaji anaagizwa ajenge chumba chenye kimo cha dhiraa kumi, na upana uo huo kila upande. Kiwe na mlango mmoja na madirisha manne, dirisha moja kila ukuta. Aingizwe ng'ombe dume mwenye umri wa miezi thelathini, aliyenona. Vijana wenye nguvu wamzunguke na kumpiga kwa marungu mpaka afe, nyama na mifupa vipondeke pamoja, lakini damu isitoke na ngozi isichanike. Mara moja matundu yote ya mwili, macho, pua, kinywa na mengineyo, yazibwe kwa vitambaa vya kitani vilivyopakwa lami. Mzoga ulazwe chali juu ya majani ya mmea unukiao uitwao thaimu. Kisha watu watoke, na mlango na madirisha vikandikwe udongo hadi hewa isipite.

Katika wiki ya tatu chumba hufunguliwa ili mwanga na hewa safi viingie, isipokuwa upande unakovuma upepo mkali. Dalili za uhai zikionekana, hufungwa tena kama mwanzo. Siku ya kumi na moja baada ya hapo, inasemwa, chumba hukutwa kimejaa nyuki walioning'inia kwa vishada, na ng'ombe hakubaki kitu ila pembe, mifupa na nywele.

Ni maelezo ya kuchukiza, ila tuyapitie tena kwa utulivu, tukiuliza kila hatua inafanya nini hasa. Kipigo kinaiponda nyama ndani ya ngozi nzima. Vitambaa na lami vinazuia majimaji yasitoke. Chumba kilichofungwa kinatunza joto. Kwa hiyo baada ya majuma mawili hivi, kilichomo chumbani ni ngozi iliyojaa uozo wa majimaji, vuguvugu, wenye hewa haba na chakula tele. Kisha madirisha yanafunguliwa. Msomaji aiweke akilini hali hiyo, kwa maana tutaihitaji.

Je, wafugaji wa kweli waliufuata utaratibu huo? Columella, aliyeandika katika karne ya 1 BK na aliyekuwa mkulima hasa, anautaja kwa sentensi chache na kuupita. Anakubaliana na mwenzake Celsus kwamba nyuki hawafi kiasi cha kuhitaji dawa ya namna hiyo. Ukifikiri gharama ya ng'ombe wa miezi thelathini aliyenona, huoni ajabu kwamba mwenye mizinga alitangulia kutafuta bumba la nyuki porini.

Swali zito zaidi ni hili: kwa nini nyuki? Huyu si mdudu aliyesahauliwa. Alifugwa Misri kwa maelfu ya miaka, na asali yake ilikuwa sukari ya dunia ya kale. Mtu aliyekaa na mizinga maisha yake yote angewezaje kutojua nyuki anazaliwaje?

Jibu limo katika maisha ya nyuki wenyewe. Watoto wake wanaonekana, kwa kuwa sega likikatwa mabuu meupe yamo vijumbani. Kisichoonekana ni kujamiiana. Hakuna aliyewahi kuwakuta nyuki wawili wakipandana ndani ya mzinga, kwa sababu humo hawapandani kamwe. Tena mzinga mmoja una nyuki wa aina tatu wasiofanana: vibarua wengi wenye miiba, madume wanene wasio na mwiba, na mmoja mrefu kuliko wote, ambaye watu wa kale walimwita mfalme. Huyo akiwa mfalme, yaani mwanamume, basi mama ni nani? Vibarua wana mwiba, na kwa fikra za wakati ule silaha ilikuwa alama ya dume. Madume hawana silaha wala hawafanyi kazi. Kila aliyejaribu kuwapanga baba, mama na watoto aligonga ukuta.

Aristotle aliligeuza swali hili kila upande. Baadhi ya watu, anasema, walidai nyuki huwaokota watoto wao katika maua, au katika matete, au katika mizeituni. Yeye hakuridhika. Bugonia haitaji kabisa katika mjadala wake wa nyuki, ukimya ambao kwa maoni yangu una uzito. Alihitimisha kwamba wafalme huzaa wafalme na nyuki wa kawaida, na nyuki wa kawaida huzaa madume, tena bila kujamiiana. Baada ya hapo akaandika neno ambalo wanasayansi wengi wamelipenda: kwamba mambo ya hakika bado hayajajulikana vya kutosha, na yakijulikana siku moja, kinachoonwa kiaminiwe kuliko hoja.

Siku hiyo ilichelewa karibu miaka elfu mbili. Mwaka 1668, Francesco Redi, tabibu wa Mtawala wa Toscana, alichapisha mjini Firenze kitabu kuhusu majaribio yake juu ya uzazi wa wadudu. Jaribio hapa maana yake ni kupanga hali mbili zinazolingana katika kila jambo isipokuwa moja, ili tofauti ikitokea tujue imeletwa na nini. Redi alichukua chupa zenye mdomo mpana akatia ndani nyoka, samaki wa mtoni, mikunga na nyama ya ndama. Nne akaziacha wazi. Nyingine nne, zenye vitu vilevile, akazifunga. Nyama ikaoza kotekote, lakini funza walitokea katika chupa zilizo wazi tu, ambazo nzi walikuwa wakiingia na kutoka.

Mpinzani angeweza kusema kwamba chupa zilizofungwa zilikosa hewa, na bila hewa uzukaji haufanyi kazi. Redi aliliona hilo mapema. Akarudia, na safari hii alifunika kwa kitambaa chepesi cha shela kinachopitisha hewa na kuzuia nzi. Nzi walivutwa na harufu, wakatua juu ya shela, na wengine waliacha mayai hapohapo. Nyama iliyokuwa chini haikutoa funza. Tena aliwatunza funza wa chupa za wazi mpaka wakageuka kuwa pupa, yaani hatua ile ambamo mdudu hujifunga ndani ya ganda gumu na kujengwa upya, na katika maganda hayo wakatoka nzi wa aina zilezile zilizoizunguka nyama. Habari ya nyuki wa ng'ombe aliijadili kwa urefu na kuikataa. (Uzukaji haukufa siku ile. Redi mwenyewe aliendelea kuamini kwamba wadudu wa ndani ya vivimbe vya mimea hufanywa na mmea, na kwa vijidudu vidogo kabisa ubishi uliendelea mpaka kwa Louis Pasteur, miaka ya 1860.)

Redi alionyesha kwamba nyama haizai mdudu. Hata hivyo, kukanusha sababu si sawa na kueleza kilichoonekana. Watu kadhaa, kwa karne nyingi, walisema wameona wadudu wanaofanana na nyuki wakitoka katika ng'ombe. Waliona nini?

Mwaka 1894 Carl Robert Osten-Sacken, mwanadiplomasia wa Urusi aliyebobea katika elimu ya nzi, alichapisha jibu. Alisema waliona nzi. Jina lake la kisayansi ni Eristalis tenax, na leo anapatikana karibu kila bara. Aliyekomaa ana urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu, rangi ya kahawia yenye mabaka ya manjano tumboni, na manyoya mafupi kifuani. Huenda kwenye maua kunywa maji matamu na kula chavua. Akiruka huvuma. Ukimwona uani utarudisha mkono nyuma kabla ya kufikiri.

Buu lake haliishi kwenye maua. Huishi ndani ya majimaji machafu: mashimo ya mbolea, mitaro ya maji taka, madimbwi yenye uozo mwingi. Humo oksijeni ni haba sana, na kiumbe cha kawaida kingekufa. Buu hili lina mrija wa kupumulia upande wa nyuma, unaoweza kurefuka kuuzidi mwili wenyewe mara kadhaa, na ncha yake hufika juu ya maji. Mwili unakula chini huku mrija unavuta hewa juu. Likishiba hutambaa kutafuta mahali pakavu, hugeuka pupa, kisha hutoka nzi anayefanana na nyuki. Sasa tukumbuke chumba cha Geoponica, na ile ngozi iliyojaa majimaji yaliyooza, na madirisha yanayofunguliwa katika wiki ya tatu.

Nyuki na nzi huyu wanatofautishwaje? Nyuki ana mabawa manne, mawili kila upande, yaliyoshikana kwa vikulabu vidogo hivi kwamba anaporuka huonekana kama ana mawili. Nzi ana mawili tu; mahali pa jozi ya pili pana vijiti vifupi vyenye vichwa, vinavyomsaidia kujua mwelekeo wake hewani. Papasi za nyuki ni ndefu na zimepinda kama kiwiko, za nzi ni fupi mno. Macho ya nzi ni makubwa, yamekaribia kukutana juu ya kichwa. Kiuno cha nyuki kimebanwa, cha nzi hakikubanwa. Zaidi ya yote, nzi hana mwiba.

Jambo linalonishangaza kuliko yote katika habari hii ni kwamba kipimo kilikuwapo tangu zamani. Aristotle aliandika wazi kwamba wadudu wenye mabawa mawili hawana mwiba nyuma, na wenye mwiba nyuma wana manne. Mtu mmoja aliyesoma maneno hayo, akisimama mlangoni pa chumba cha ng'ombe na kumshika mdudu mmoja tu akamhesabu mabawa, angeimaliza bugonia kabla ya Virgil kuzaliwa. Lakini kumshika kulihitaji kwanza kushuku, na mfano wa nyuki ulimlinda nzi dhidi ya wanaoshuku.

Ulinzi huo ndio sababu ya kufanana kwao. Ndege aliyewahi kuumwa na nyuki hujifunza kuepuka rangi ile. Nzi aliyekaribia rangi ile, hata kwa bahati, aliliwa mara chache kuliko nduguze, akaacha watoto wengi zaidi waliorithi rangi yake. Kwa vizazi vingi sana kufanana kuliongezeka. Elimu ya viumbe huita hali hiyo mwigo: mnyama asiye na silaha kuvaa sura ya mwenye silaha.

Hata hivyo maelezo ya Osten-Sacken hayatoshi peke yake. Kwa kawaida nzi wengi wanaotoka katika mzoga ni wale wa kijani na wa buluu, wasiofanana na nyuki hata kidogo. Pia nzi wake hajikusanyi kwa vishada kama Geoponica inavyosema. Kuning'inia kwa kishada ni tabia ya bumba la nyuki wa kweli. Inaonekana basi kwamba imani hii ilikuwa na mzizi wa pili.

Mzizi huo ni kwamba nyuki wa kweli nao wamewahi kukutwa katika maiti. Wasomaji wa Biblia wanajua habari ya Samsoni katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 14: aliua simba, na alipopita tena baada ya muda akakuta nyuki na asali ndani ya mzoga. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasimulia tukio la Kupro, mwanzoni mwa karne ya 5 KK. Onesilus, aliyeongoza uasi dhidi ya Waajemi, aliuawa, na watu wa Amathus wakakitundika kichwa chake juu ya lango la mji. Fuvu lilipokuwa tupu, bumba la nyuki liliingia na kulijaza masega. Hakuna muujiza hapo. Nyuki wa asali hutafuta uwazi mkavu, wenye kiza na mlango mdogo, na hawaulizi uwazi huo uliwahi kuwa nini. Warina asali wa miombo ya Tanzania hutumia tabia hiyohiyo: hutundika mzinga mtupu wa gogo mtini na kungoja nyuki waje wenyewe. Mzoga wa simba uliokaushwa na jua, ukabaki ngozi juu ya mbavu, una sifa zote hizo. Mzoga unaooza hauna hata moja, na nyuki huukimbia.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kweli yaliyochanganywa kuwa moja la uongo. Katika mzoga mbichi wenye majimaji hutoka nzi wanaofanana na nyuki. Katika mzoga mkavu hukaa nyuki wenyewe, waliotoka kwingine. Aliyeona la kwanza akasikia la pili, au kinyume chake, alikuwa na haki ya kudhani ni jambo lilelile.

Uzazi wa kweli wa nyuki ulifunuliwa kipande kwa kipande. Charles Butler wa Uingereza alitangaza mwaka 1609 kwamba mfalme ni malkia. Jan Swammerdam wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 1680, alimpasua chini ya hadubini akakuta mafungu makubwa ya mayai, ingawa kitabu chake kikuu kilichapishwa zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake. Katika karne ya 18, Anton Janscha, mfugaji Mslovenia aliyefundisha Vienna, alieleza kwamba malkia kijana hutoka nje ya mzinga kwenda kujamiiana. François Huber wa Geneva alilithibitisha hilo katika kitabu chake cha mwaka 1792. Huber alikuwa kipofu. Alibuni majaribio na kuuliza maswali, na msaidizi wake François Burnens akayatenda na kumweleza alichoona.

Malkia, basi, huruka mbali na juu, na huko hupandwa na madume kumi hadi ishirini hivi, ambao hufa papo hapo. Mbegu zao huzihifadhi katika kifuko kilichomo tumboni mwake, zikamtosha maisha yake yote. Tangu hapo kazi yake ni kutaga, na msimu mzuri hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Yai huanguliwa baada ya siku tatu. Kwa nyuki wa Ulaya, tangu yai kutagwa hadi mdudu kamili kutoka kijumbani, malkia huchukua siku 16, kibarua 21 na dume 24.

Kuhusu madume, jibu lilipatikana mwaka 1845 kwa Johann Dzierzon, kasisi wa Silesia aliyefuga nyuki. Malkia anapotaga anaweza kulipitisha yai penye mbegu za kiume au kulizuia lisizipate. Yai lililopata mbegu huwa jike, kibarua au malkia kwa kadiri ya chakula atakacholishwa. Lisilopata huwa dume. Dume wa nyuki hana baba.

Na malkia akifa, bila yai wala buu changa la kulea mwingine, baadhi ya vibarua huanza kutaga wenyewe. Hawajawahi kujamiiana, hivyo kwa kawaida mayai yao hutoa madume tu. Aristotle alikuwa ameandika kwamba watoto wa madume huonekana hata katika mzinga usio na mfalme, na watoto wa nyuki wengine hawaonekani. Na kwamba nyuki wa kawaida huwazaa madume bila kujamiiana. Kwa mizinga iliyofiwa na malkia, alikuwa amepatia.